Jirani Yako Yupo?

Hapo zamani, wala si zile zamani za wanyama kusema, ni zamani za juzi tu, za pasipoti na mkanda wa ndege, palikuwa na mama mmoja wa Upareni aitwaye Nakijwa. Alilima tangawizi mlimani, aliimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika, na alikuwa mke wa mtu. Hapo kwenye mke wa mtu tegeni masikio vizuri, maana kisa chote kimekaa hapo.

Mumewe aliitwa Anaeli, pande la mtu, mabega kama kabati. Wawili hao waliweka nadhiri kwamba kabla hawajafa wataiona nchi aliyoikanyaga Yesu, na mwisho wa safari wataingia kaburini mwake wameshikana mikono. Anaeli alikuwa amesikia kwamba mlango wa kaburi lile ni mfupi. Akawa anatania, wakiosha tangawizi mtoni, kwamba mkewe atangulie na amvute mkono, asije akakwama pale akawazibia njia Wakristo wa dunia nzima. Nakijwa alicheka mpaka akashika mbavu. Walikuwa watu wa kucheka, wale.

Safari ikapangwa, nafasi mbili zikalipiwa, chumba cha wawili kikawekwa. Kisha Anaeli akashikwa na homa ya mapafu, akafa. Ndiyo hivyo. Kifo hakimuulizi mtu ana safari ya wapi.

Watu wakamshauri Nakijwa akae nyumbani. Mjane wa juzi apande ndege kwenda kutembea, walimwengu watasemaje? Naye akakubali, akaanza kutoa nguo sandukuni. Ndipo Mwinjilisti Kajiru, aliyekuwa kiongozi wa msafara, alipopanda mlima kwa miguu huku mvua ikimnyeshea, akakaa na wazee wa ukoo kutwa nzima akiwabembeleza. Aliwaambia nadhiri haizikwi na mtu, akaahidi kumfikisha Nakijwa mpaka kaburini kwa Yesu. Wazee wakalainika, na Nakijwa akazirudisha nguo sandukuni.

Wakaenda. Sasa muijue desturi ya huyo Kajiru. Waongozaji wengine huhesabu vichwa kila basi linapotaka kuondoka, lakini yeye alikataa katakata. Mfalme Daudi alihesabu watu, alisema, tauni ikaingia nchini, naye hataki tauni ndani ya basi lake. Badala ya kuhesabu alisimama mbele, akashika kipaza sauti na kuuliza, "Jirani yako yupo?" Kila mtu akamtazama aliyeketi ubavuni pake, na basi zima likaitikia, "Yupo, Bwana asifiwe!" Dereva akatia gea. Watu waliipenda sana desturi hiyo, wakasema ni ya upendo kuliko kuhesabiwa kama mbuzi.

Na jirani wa Nakijwa alikuwa nani? Mwanzoni alikuwa Namkunda, mwanakwaya mwenzake wa sauti ya kwanza, mdogo wake kwa umri, ambaye Kajiru alimpanga akae naye kwenye basi na chumbani. Lakini Nakijwa alikuwa na tabia moja. Basi likipita penye mizeituni, alinong'ona, "Anaeli, iangalie miti hiyo." Chakula kikiletwa, alinong'ona kwamba mkate wa huku Anaeli angeuona mwembamba. Namkunda akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akawaambia wenzake kwamba yeye alikuja kuiona nchi ya Yesu, hakuja kukaa na marehemu. Akahamia kiti kile kirefu cha nyuma kabisa, akabanana na mashoga zake, na chumbani akahama vilevile.

Kiti kikabaki wazi. Hakuna aliyekikalia, eti kwa heshima, maana kile ni kiti cha Mzee Anaeli. Heshima gani hiyo, jamani! Haikuchukua muda kikajaa makoti, kofia za jua na mifuko ya misalaba ya mzeituni. Nakijwa akawa anasafiri na makoti ya watu. Mwinjilisti alipouliza jirani yako yupo, naye aliitikia pamoja na wenzake, "Yupo," huku akiutazama mfuko. Alikuwa mpweke kuliko alivyokuwa nyumbani, kwa kuwa nyumbani kulikuwa angalau na kuku wa kuwasemesha.

Wakafika Kana ya Galilaya. Mahujaji wakifika pale wana desturi yao: wenye ndoa husimama kanisani wawili wawili, wakatazamana, wakarudia viapo vyao kwa kuikumbuka ile arusi ambayo maji yaligeuka divai. Wasio na wenzi husimama pembeni wakawa mashahidi. Nakijwa akasimama pembeni. Wazee waliozoea kununiana nyumbani wakawa wanashikana vidole kama wachumba wa juzi. Ilipofika mahali pa kutaja kifo, machozi yakaanza kumtoka. Akatoka kwa mlango wa ubavuni, asije akawaharibia watu arusi yao.

Akashuka kichochoro mpaka kwenye ua wa duka moja la vitambaa vya kudarizi. Mwenye duka, mwanamke mzee wa Kiarabu aliyevaa nyeusi tupu, aliyaona machozi yake, akamvutia kigoda. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Yule mama akaonyesha picha ya mwanamume ukutani, akagusa nguo yake nyeusi, akaketi karibu naye. Nakijwa akalia pale mpaka akatosheka. Tangu msiba ule, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyekaa naye bila kumwambia ajikaze.

Alipopanda tena kichochoro, kanisani walikuwa wameingia watu wa nchi nyingine. Akaharakisha hadi barabarani pale lilipokuwa basi lao. Basi halikuwepo.

Mambo yalikwenda hivi. Kajiru alisimama akauliza kama kawaida, na watu wakatazamana kama kawaida. Kule nyuma Namkunda aliwatazama mashoga zake, wote wapo. Mbele alikuwapo Mzee Mbonea, bwana mifugo mstaafu, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Huyu tangu utoto alikuwa na hamu moja tu, kuvuka Bahari ya Galilaya kwa boti, na boti lilikuwa likiwasubiri kwa saa yake. Akapaza sauti, "Wapo wote, Mwinjilisti, tuondoke!" Wakaondoka wakipiga gumzo. Hakuna aliyesema uongo, kwa sababu kila mtu alikuwa na jirani yake. Ni Nakijwa tu ambaye hakuwa jirani wa mtu.

Akaketi juu ya ukuta mfupi kando ya barabara. Kwanza alijiambia wamekwenda kutia mafuta. Halafu akajiambia wamekosa mahali pa kuegesha. Kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni, kikapanda magotini, na hakujiambia kitu tena. Kupotea hakukumuuma sana, maana mtu aliyepotea hutafutwa. Kilichomuuma ni kwamba walikuwa wameulizwa kama yupo, wakaitikia yupo, na pengine wakapiga na makofi.

"Anaeli," alisema, "hata mimi sipo."

Huko ziwani watu walikuwa wamekwisha panda botini, na kamba ilikuwa inafunguliwa. Namkunda akaanzisha wimbo, kama ilivyokuwa kazi yake. Akaimba mstari mmoja, akaimba wa pili, akakoma. Wenzake wakadhani amepaliwa. Chini ya sauti yake palikuwa patupu: ile sauti ya pili aliyoiegemea miaka yote ya kwaya, aliyoizoea hata akaisahau, haikuwepo. Akageuka akawatazama watu mmoja mmoja, mikono kichwani. "Nakijwa tumemwacha," akasema.

Kajiru akapigwa na bumbuwazi. Aende, awaache watu wote ugenini bila kiongozi? Akae, amwache mjane? Boti halikuweza kungoja, maana makundi mengine yalikuwa yamepanga foleni. Kabla hajaamua, Mzee Mbonea alikuwa amekwisha kuruka kurudi gatini, fimbo mkononi. Alimwambia Kajiru akae na kundi lake, kwani aliyesema wapo wote ni yeye Mbonea. Akasimamisha teksi. Boti likaondoka bila yeye.

Alimkuta Nakijwa pale pale ukutani. Msidhani alimpa pole. Alimwambia amewasumbua, apande gari. Walipoanza kuteremka na ziwa likaonekana lote chini yao, buluu kabisa, na katikati yake boti dogo, Nakijwa akamwona mzee amegeuza uso dirishani na hapepesi macho. Akamwambia pole. Mbonea akajibu kwamba maji ni maji tu. Lakini aliendelea kutazama mpaka nyumba zikaziba.

Jioni ile Kajiru alisimama mbele ya watu wote, akasema kosa ni lake, akalia, akaomba msamaha. Tangu hapo akahesabu vichwa, tauni au hakuna tauni. Makoti yakaondolewa kitini. Watu wakamletea Nakijwa biskuti, maji, dawa ya miguu, wakamshika kiwiko hata penye sakafu tambarare. Walimjali kama mgonjwa. Naye alishukuru kila mmoja, na upweke wake ukabaki vilevile, maana anayehudumiwa na aliye na mwenzake si mtu mmoja.

Ndipo wakafika Yerusalemu, siku ya mwisho, kaburini. Watu walikuwa wengi kama siafu, foleni imejikunja na kujikunjua, na mlinzi wa mlangoni siku hiyo aliwaingiza wawili wawili, upesi upesi. Wenye ndoa walikuwa na watu wao. Waliokuwa peke yao wakatafutana, wakapatana. Nakijwa hakumtafuta mtu. Alipobakiwa na watu wachache mbele yake, akasikia anaitwa kwa nyuma, na alipogeuka aliwaona watatu, kila mmoja akitaka kuingia naye.

Kajiru akatangulia kusema. "Mama, mimi ndiye niliyepanda mlima kukutoa nyumbani. Nilikosa, na nimetubu mbele ya wote. Lakini bila mimi, leo ungekuwa umeketi na kuku wako na nadhiri yenu imekufa. Nilikuahidi kukufikisha hapa. Niache nimalize ahadi yangu."

Mbonea akagonga fimbo chini. "Mimi sijui kupamba maneno. Nilikuwa na hamu moja tangu niko mtoto, nikaiacha inaelea majini, nikakufuata wewe. Umri wangu hauna safari nyingine. Ziwa lile sitalivuka tena."

Namkunda alikuwa analia. "Dada, nilikukimbia, sikatai. Nilikuonea haya, na sasa najionea haya mwenyewe. Lakini katika basi zima ni mimi niliyejua hupo. Nisingejua mimi, Mwinjilisti angetubu nini? Mzee angerudi kumfuata nani?"

Mbonea akamwambia kujua si kurudi. Yeye Namkunda alijua, akabaki botini. Namkunda akamwambia kurudi si ajabu kwa mtu aliyewaharakisha watu wakamwacha. Kajiru akawaambia wote wawili kwamba hapo wanapogombania, ni yeye aliyewaleta. Nao wakamgeukia pamoja, wakamkumbusha desturi yake na tauni yake. Sauti zikapanda mpaka mlinzi akaweka kidole mdomoni, na watu wa mataifa wakageuka kuwatazama Wapare wakigombana mlangoni pa kaburi la Bwana.

Nakijwa alikuwa amewasikiliza wote. Hakuwa na kinyongo na hata mmoja wao, na kila mmoja aliposema alimwona ana haki.

"Mnayoyasema ni kweli," akawaambia. "Lakini mahali hapa ubavuni pangu pana mwenyewe. Tuliahidiana tukiosha tangawizi. Nikimpa mtu mwingine mkono huu, nitakuwa nimemwacha barabarani, kama nilivyoachwa."

Namkunda akapangusa uso kwa kanga, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenyewe hayupo, dada. Sisi tupo."

Waliokuwa mbele yake wakatoka wakijifuta machozi, na mlango ukawa wazi, mfupi kweli kama Anaeli alivyosikia. Mlinzi akainua vidole viwili kuonyesha kwamba anataka watu wawili, na nyuma foleni ikaanza kusukuma. Nakijwa akainama, akatia kichwa na bega moja ndani ya kile kiza. Kisha akanyoosha mkono wake nyuma, nje ya mlango, bila kugeuka kutazama, akaufungua na kungoja.

Basi nanyi mliokaa hapa mkisikiliza, msiniachie mimi. Yuko aliyemtoa nyumbani, yuko aliyegundua hayupo, yuko aliyemrudia, na yuko aliyeahidiana naye akafa. Mkono uko wazi na mlinzi hana subira. Je, nani alistahili kuushika?