Viatu Vibaya vya Digidigi

Hapo kale, wanangu, kale ile ambayo nyayo za wanyama zilikuwa laini kama masikio yao, kila mnyama alivaa viatu. Msicheke! Tembo alivaa, kanga alivaa, hata jongoo alivaa, na mkewe alimsubiri mlangoni asubuhi nzima akilalamika.

Basi mwaka mmoja mvua ilikataa. Mto ukakauka. Visima vikatoa tope, kisha tope nalo likakauka. Maji yakabaki mahali pamoja tu: kwenye chemchemi ndogo nyuma ya Mlima Mchanachana. Na mlima ule haukupewa jina hilo bure. Mawe yake yalikuwa makali kama vigae, na upande wa kushukia ulikuwa kokoto tupu, ukikanyaga hapa unajikuta kule.

Fisi akasema, "Chemchemi ni yangu! Mimi ndiye niliyenusa harufu ya maji kabla yenu."

"Ebo!" Nyati akanguruma. "Mwenye tumbo kubwa ndiye mwenye kiu kubwa. Chemchemi ni yangu."

Wakasukumana, vumbi tifu, tifu, mpaka Hondohondo akaruka katikati yao. Huyu ni yule ndege mkubwa mweusi mwenye sauti ya ngoma, naye ndiye aliyekuwa msemaji wa baraza.

"Duu! Duu! Basi!" akasema. "Mwezi ukiandama tutafanya mbio. Atakayevuka mlima na kugusa maji wa kwanza, huyo ndiye mlinzi wa chemchemi mpaka mvua zirudi, na neno lake ni sheria. Kila nyumba iko huru kutoa mkimbiaji."

Wanyama wadogo wakatazamana. Nyati akishinda, atalala ndani ya chemchemi aigeuze matope. Na Fisi akishinda je? Nani atathubutu kuinamisha shingo anywe, huku Fisi amesimama nyuma yake?

"Nani atatukimbilia sisi?" Pimbi akauliza.

Macho yote yakamgeukia Digidigi.

Mnamjua Digidigi? Ni paa mdogo kuliko wote, miguu kama vijiti, na moyo wake hupiga mbio hata akiwa amekaa. Jani likianguka, yeye tayari yuko kichakani. Lakini nyumbani alikuwa na mtoto anyonyaye, na midomo ya mtoto yule ilikuwa imeanza kupasuka kwa kiu.

"Sawa," Digidigi akasema. "Nitakimbia."

Alipofika nyumbani mumewe alikuwa kibarazani, amenyoosha mguu wake mmoja. Mguu huo ulivunjika mlimani msimu uliopita, na haukunyooka tena.

"Mke wangu, nikuambie jambo," mumewe akasema. "Siku ile haikuniangusha miguu. Viliniangusha viatu. Vilikuwa vipya, vimenibana vizuri, kila mtu alivisifu. Nilipoanza kuteremka, kwato zikawa zinagonga mbele: ko! ko! ko! Nikasimama kwa maumivu. Nilipokanyaga tena, soli ikateleza kama sabuni. Sikumbuki kingine."

"Na mimi nikivunjika, nani atamlea huyu?" Digidigi akauliza.

Mumewe akamshika bega.

Kesho yake Digidigi akatembea juani tangu asubuhi, huku na huko, ndipo alasiri akaenda kwa fundi wa viatu. Fundi alikuwa Nungunungu, ambaye hakuwahi kununua sindano maisha yake yote. Akihitaji sindano, huchomoa moja mgongoni mwake.

"Mbona umechelewa?" Nungunungu akauliza. "Wenzako huja asubuhi."

"Nilitaka miguu ivimbe kwanza, fundi, kama itakavyovimba siku ya mbio."

Nungunungu akamtazama vizuri. Kisha akamwonyesha viatu vya kujaribia. Kulikuwa na vyekundu vya gome, vyembamba, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Kulikuwa na vyeusi vya mpingo, vinene, vya kishindo. Na pembeni, karibu na majivu, vya kijivu: juu vimesukwa kwa ukindu, ndani vimetiwa sufi, na chini vina soli ya utomvu wa mbungo ulioganda kama mpira, yenye vinundu vinundu. Vibaya! Kama vyura waliolala kifudifudi.

Digidigi akavaa vyekundu, akapanda jiwe lililokuwa mlangoni, akashuka kichwa mbele. Ko! Akavivua. Akavaa vya mpingo, akainua mguu. Mguu haukutaka kuinuka. Akavaa vya kijivu. Akapanda, akashuka. Akapanda tena, akashuka mbiombio. Kwato hazikugonga popote, na soli ililing'ang'ania jiwe kama kupe.

"Hivi," akanong'ona. "Fundi, nishonee hivi."

"Nitakushonea. Lakini sikiliza," Nungunungu akasema. "Utomvu uliobaki kwenye kibuyu ni wa mteja mmoja tu. Akija mwingine mwenye nguvu akautaka, mimi siwezi kupigana naye. Na mimi simdanganyi mteja. Akiniuliza kiatu gani kizuri, nitamjibu."

Kabla hajamaliza, nje kukasikika kishindo. Du! Du! Du! Na kicheko: kwi, kwi, kwi!

Nyati na Fisi!

Mama wee, Digidigi aliishiwa na damu mwilini. Akavua vya kijivu, akavisukumia kwenye majivu, akavikumbatia vile vyekundu kifuani.

"Shikamoo, Mzee Nyati. Shikamoo, mjomba Fisi."

"Marahaba," Fisi akasema, na jicho lake likatua papo hapo. "Umeficha nini hapo kifuani?"

"Si kitu, mjomba."

"Si kitu hakikumbatiwi hivyo. Lete!"

"Mjomba, nakuomba! Mimi ndiye niliyeviona kwanza! Tazama vinavyong'aa, unaweza kujiona uso!"

Fisi akavipokonya, akajitazama. Akajiona. Akajipenda. "Hata meno yanaonekana!" akasema. "Fundi, nishonee vyekundu, na vinibane vizuri, nionekane."

"Na mimi je?" Nyati akauliza.

Digidigi alitupa jicho kwenye vile vya mpingo, kisha akageuka haraka na kutazama ukuta.

"Ahaa! Nimekuona!" Nyati akanguruma, akanyanyua kiatu cha mpingo. "Lo, kizito! Kitu kizito ndicho kitu imara. Nishonee hivi."

Fundi akawapima, wakageuka kuondoka. Digidigi akaanza kupumua. Ndipo Fisi akasimama mlangoni, pua juu.

"Hebu ngoja. Fundi, na hivyo vilivyo kwenye majivu ni vya namna gani? Kati ya vyote, vipi ndivyo bora?"

Nungunungu akaweka sindano chini, akafungua kinywa.

Digidigi akaangua kilio. Wanangu, si kilio cha kujisingizia. Hofu aliyokuwa nayo tangu jana ilimtoka yote kwa mpigo. "Ndivyo nilivyobakiziwa!" akalia. "Vya kijivu! Vya majivuni! Vina vinundu kama mgongo wa chura! Mtoto wangu atanikimbia nikirudi navyo!"

Fisi akacheka mpaka akashika mlango. "Kwi, kwi, kwi! Vaa hivyo hivyo, mpwa wangu. Mnafanana!"

"Basi, mjomba," Digidigi akasema huku akifuta machozi, "walau usije ukavichafua hivyo vyako. Ningekuwa mimi, visingegusa vumbi kabla ya siku yake."

"Unaniona mshamba?" Fisi akajibu. "Nitavitundika ukutani."

"Na mimi vyangu nitavifunika kwa kitambaa," Nyati akasema.

Wakaenda zao. Nungunungu akaiokota sindano, akatikisa kichwa. "Wameuliza, na hawakungoja jibu," akasema, akaanza kupima miguu ya Digidigi.

Viatu vilipokwisha kushonwa, Digidigi alivivaa siku hiyo hiyo. Alikimbia navyo korongoni, kwenye changarawe. Kisigino kimoja kikamchubua, akarudi kwa fundi kikalegezwa. Akakimbia tena, mpaka ukindu ukalainika na viatu vikawa kama ngozi yake mwenyewe. Lakini roho haikutulia. Kila akipita nyumbani kwa Fisi alichungulia dirishani. Vile vyekundu viko ukutani? Vipo. Na kesho je? Akivijaribu leo, vikamchubua, si atakuja kunivua vyangu kwa ajili ya soli? Chakula kikamshinda. Mumewe akimwita, anaruka.

Hatimaye mwezi ukaandama. Hondohondo akapanda juu ya kichuguu.

"Tayari? Duu!"

Wakatoka! Kwenye uwanda Nyati alitangulia, gwa, gwa, gwa, vumbi lake likamfunika Digidigi asione hata pua yake. Fisi akafuata, wekundu unametameta. Digidigi nyuma kabisa.

"Tumekwisha," Pimbi akasema.

Lakini mlima ukaanza. Mpingo juu ya jiwe, mnajua unavyolia? Ka! Ka! Ka! Kila hatua Nyati alikuwa anainua gogo. Akahema, akatoa povu, akakanyaga jiwe lenye ncha. Kacha! Soli ikapasuka vipande viwili. Nyati akakaa chini kama mzigo.

"Pole, Mzee Nyati!" Digidigi akasema akipita.

"Miguu yangu!" Nyati akajibu. "Kama nimevaa milango!"

Kileleni Fisi alikuwa bado mbele, lakini anachechemea. Malengelenge yalikuwa yamejaa nyayo zote. Alipoanza kushuka, ko! ko! ko! Akapiga yowe, akateleza, akaketi, akavivua vile viatu na kuvitupa bondeni, kimoja kimoja. Kisha akageuka, akamwona Digidigi anateremka kokotoni wima, vinundu vinauma ardhi, hata jiwe moja haliporomoki.

Fisi akaelewa.

"Ala! Ulikuwa unavitaka hivyo vya majivuni!" akanguruma. "Digidigi! Maji baadaye. Wewe kwanza!"

Sasa wanangu, hazikuwa mbio za maji tena. Fisi pekupeku, damu miguuni, hasira kichwani, akakata njia upande wa chini. Digidigi akageuka kushoto, Fisi kushoto. Akageuka kulia, Fisi yuko. Mbele yake pakabaki mwamba mmoja tu, mpana, uliolowa, umeota utelezi wa kijani, nao ulishuka moja kwa moja hadi ilipo chemchemi.

Digidigi akaweka mguu mmoja. Ukashika. Akaweka wa pili. Ukashika. Moyo wake, ndu, ndu, ndu, aliusikia masikioni.

Fisi akafika ukingoni, akasimama. Hakuwa mjinga kiasi hicho. "Shuka polepole, mpwa wangu," akasema akilamba midomo. "Mimi nitazunguka, nikungoje chini."

Naye kweli angefika kwanza. Digidigi akaona maji pale chini, akamkumbuka mtoto. Akajitupa upande.

"Yalaa! Mguu wangu! Umenasa kwenye ufa! Mjomba, usije! Nakusihi, usije!"

Na Fisi, akiambiwa usije, hufanya nini? Akaruka!

Sereeee! Miguu juu, mkia juu, akampita Digidigi kama kibuyu cha maji kilichokatika kamba. Ndipo Digidigi akashtuka. Lo! Fisi anaporomoka kuelekea kwenye chemchemi! Akigusa maji, ameshinda!

Digidigi akainuka, akateremka mbio kwenye utelezi ule ule, bila kufikiri, bila kupumua. Mbele yake Fisi akapaa ukingoni mwa mwamba, parakacha! Akaingia katika kichaka cha miiba kilichoota kando ya maji. Miiba ikamdaka kila upande. Akanyoosha mkono. Maji yako pale, karibu na ukucha wake. Akavuta. Akavuta tena. Mwiba mmoja ukakatika, wa pili ukakatika...

Chubwi! Digidigi aliingia majini mpaka kifuani.

"Duu! Duu! Duu!" Hondohondo akatua juu ya jiwe. "Maji yamepata mlinzi!"

"Amenidanganya!" Fisi akapiga kelele kichakani. "Alilia ili nivichukue vyekundu!"

"Alikuambia nini juu ya viatu hivyo?" Hondohondo akauliza.

"Kwamba... vinang'aa."

"Na havikung'aa?"

Fisi akarudi kuhangaika na miiba yake.

Digidigi hakuyasikia yote hayo. Alikuwa amekaa majini, anacheka na kulia kwa pamoja. Jua lilipopungua ukali, wadogo wakaja kwa njia ya mzunguko: Pimbi, Kanga, na mumewe akichechemea na mtoto mgongoni. Mtoto akanywa, akapaliwa, akanywa tena. Digidigi akamtazama mpaka akatosheka, kisha akatoa sheria yake: wote watakunywa, wadogo kwanza, wakubwa baadaye, na hakuna kusimama nyuma ya mwenzako anywapo. Hata Fisi alikunywa, wa mwisho, baada ya Nungunungu kumchomoa miiba.

Nyati naye akafika jioni, anakanyaga kwa ncha za kwato. Akainama karibu na sikio la Digidigi.

"Mwanangu," akanong'ona, "hivyo vya kijivu... fundi anaweza kunishonea na mimi?"

"Utomvu umekwisha, Mzee," Digidigi akasema. "Utasubiri mvua."

Nami mdomo umenikauka, maana nimewakimbiza mlima mzima. Nipeni maji, mshike hili moja: kiatu huchaguliwa na mguu, si na jicho.