Milango Kumi na Mmoja ya Kisangeni

Asiyefunga duka kwa msiba wa mwenzake, hulifunga kwa wake peke yake.

Mmeucheka msemo huo nilipoutamka asubuhi, mkadhani ni manung'uniko ya mzee aliyechoshwa na redio ya saluni yenu. Sikukasirika. Ninyi mmeikuta Kisangeni hivi ilivyo, na mtu hawezi kukililia kitu asichopata kukiona. Lakini mmeuliza umetoka wapi, na swali la adabu halinyimwi jibu. Punguzeni redio basi, mkae. Methali hii hatukuachiwa na wahenga wa zamani za kale. Ilizaliwa hapa hapa, kwenye barabara hii, na ilizaliwa hivi.

Wakati ule Kisangeni ilikuwa na maduka kumi na moja, yamepangana kutoka mashine ya kusaga hadi kanisani. Magazeti hayakufika. Habari za mji ziliandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa mashine: nani ameleta mbegu, tangawizi inauzwaje gulioni, ng'ombe wa nani amepotea, harusi ya nani imeahirishwa. Habari moja tu haikuandikwa. Mtu akifa, Mzee Mavura mwenye mashine alizima injini, akatoka na nyundo, akaligonga rimu la lori lililoning'inia kibarazani. Aligonga mara saba. Hapo kila mwenye duka, awe na wateja au asiwe nao, alifunga mlango wake, na haukufunguliwa tena mpaka marehemu azikwe.

Milango yenyewe ilikuwa ya mabati mazito, na kila mmoja ulikuwa na mlio wake. Eliamani Mchome alikuwa na miaka saba baba yake alipokufa. Alisimama kibarazani ameshika kanga ya mama yake, akaisikia milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine, kuanzia mashineni ikiteremka kuelekea kanisani. Alihesabu kumi na mmoja, wa kwao ukiwa wa mwisho. Akamuuliza mama yake kwa nini wanafunga wote. "Mji unalia, mwanangu," mama akamjibu. "Sisi tunalia kwa macho, mji unalia kwa milango." Maneno hayo hayakumtoka Eliamani, ingawa ilifika miaka akajifanya ameyasahau.

Akakua, akalirithi duka, akamwoa Namkunda. Mwanamke huyo alikuwa mtu wa watu. Palipotokea msiba, yeye ndiye aliyetangulia kufika na sufuria ya makande kichwani, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Walipata binti mmoja, Sifa. Duka liliuza chumvi, sabuni, majembe na mafuta ya taa. Liliwapa ugali, lakini kitoweo kilikuwa cha kubahatisha. Eliamani hakuwa mtu mbaya, na nawaomba mlishike hilo mpaka mwisho. Alikuwa mtu aliyechoka kuwa pale pale.

Ikatokea kampuni moja ya mbolea kutoka mjini ikatafuta wakala mmoja wa tarafa nzima. Eliamani alisafiri mara nne kuwafuata. Mara ya nne walimwandikia barua: wakaguzi wangepita Kisangeni Alhamisi, siku ya gulio, waone duka linavyofanya kazi. Wangepita mara moja tu. Wakilikuta limefungwa, uwakala ungekwenda tarafa ya jirani. Eliamani alilipaka duka chokaa, akapanga mizigo upya, akawa anaisoma ile barua kila jioni kama mtu anayejifunza sala.

Alhamisi ile, saa mbili asubuhi, rimu likalia.

Aliyekufa alikuwa Nasemba, binti wa miaka tisa wa fundi Kiangi, mshona nguo. Homa ya siku tatu. Duka la Kiangi na la Eliamani yaligusana, ukuta wao ulikuwa mmoja. Mtoto yule alikuwa na desturi ya kufagia kibaraza cha baba yake na kuunganisha na cha Eliamani bila kuombwa, kisha kusimama na ufagio wake akisubiri peremende. Milango ikaanza kufungwa, ule wa kwanza, wa pili, wa tatu. Eliamani alisimama ameweka mkono juu ya bati la mlango wake, wala hakulivuta.

"Funga, Baba Sifa," Namkunda alimwambia.

"Wageni wako njiani."

"Watasubiri. Mazishi ni saa tisa."

"Barua imesema hawasubiri. Wakishapita, wamepita."

"Basi wapite. Mtoto amelazwa hapo ndani, sisi tuko upande huu wa ukuta. Tutamtazamaje Kiangi?"

"Ni leo tu, Mama Sifa. Kesho nitakwenda kumpa pole mwenyewe, na gunia la mahindi nitampelekea."

Namkunda alijifunga kanga ya pili, akapakua makande aliyokuwa ameyainjika kwa ajili ya hao wageni, akayatia kwenye sufuria ya msibani. "Leo tu huwa ina kesho yake," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma. Siku ile ilifungwa milango kumi.

Wakaguzi walifika saa tano. Walistaajabu kuukuta mji umefungwa na duka moja tu liko wazi, wakamsifu, wakasema huyu ndiye mfanyabiashara. Walikagua, wakauliza, wakakaa. Saa tisa walikuwa bado wanaandikiana mkataba, redio inasoma matangazo ya biashara, jeneza fupi likapita mbele ya duka likiwa begani kwa Kiangi. Eliamani alitaka kuizima redio, lakini mkono wake ulikuwa umeshikwa na mgeni anayempongeza. Kiangi aligeuka. Hakumtazama Eliamani, alitazama ule mlango.

Hakuna aliyemsema. Alipeleka gunia la mahindi, na Kiangi akalipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Laiti wangemtukana, pengine mambo yangekwisha. Lakini watu wetu wakiumizwa hunyamaza, na aliyeumiza hudhani amesamehewa.

Msiba wa pili ulikuja msimu wa kupandia. Wakulima walikuwa wametembea tangu alfajiri kufuata mbolea, angewarudishaje? Hakufunga. Wa tatu hakufunga pia, na hata hakuhitaji sababu. Wakulima nao wakajua kwamba siku ya mazishi duka ni kwa Eliamani, na ukishafika kuchukua mbolea, unaongeza na chumvi, unaongeza na sabuni. Wenzake walikaa matangani wakiwaona wateja wao wakiingia kule. Njaa haina adabu. Mwoka mikate akaacha mlango nusu wazi. Muuza vyombo akasema kama mwoka mikate anaacha nusu, kwa nini yeye afunge wote. Haikupita miaka sita, rimu likilia, ulisikia mlango wa mfiwa na mlango wa fundi Kiangi tu.

Mzee Mavura naye aliacha kuzima injini. Aligonga rimu mashine ikinguruma, akasikia mwenye kusikia. Baadaye alichoka, akaanza kuandika ukutani pamoja na habari nyingine. Jina la marehemu likawa linaandikwa kwa chaki, chini ya bei ya tangawizi. Mvua ikinyesha, vyote vilioshwa pamoja.

Namkunda kila mara alifunga kanga yake ya pili, akatoka kwa mlango wa nyuma na sufuria. Hakubishana tena na mumewe. Mwaka wa saba, Jumatano moja ya Julai, kifua kilimbana. Alhamisi alfajiri Eliamani alimwita mara tatu, hakuitika.

Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Mavura. Akamwambia, "Baba, naomba uzime mashine ugonge." Mzee alimtazama, akazima, akagonga mara saba kama zamani. Eliamani alirudi mbio zisizo za umri wake. Alivuta mlango wa duka lake, bati likagonga fremu, akasimama kibarazani pale pale alipokuwa amesimama na mama yake. Akatega masikio kutoka mashineni kuteremka kuelekea kanisani.

Alimsikia mwoka mikate akiita wateja. Alisikia vyombo vikigongana, cherehani ya Kiangi ikienda mbio, na mashine ikiwashwa tena. Mlango hakusikia. Alijaribu kuhesabu akakomea kwa moja, na huo ulikuwa wake. Hapo ndipo alipolia, na hakulilia kifo peke yake.

Msije mkasema Kisangeni ilikataa kumzika Namkunda. Wanawake walijaa uani, kila mmoja na sufuria. Wanaume walichimba kaburi, wakipokezana ili kila mmoja apate muda wa kurudi dukani. Siku ya gulio ni siku ya gulio. Sifa, aliyekuwa ameolewa mbali na hakuwa amefika nyumbani kwa miaka mingi, alikuwa ameitwa tangu Jumatano, akateremka kwenye basi mchana. Alitembea barabara nzima katikati ya muziki na kelele za bei. Alipomkumbatia baba yake, swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Baba, hawajaambiwa kuwa mama amekufa?"

"Wameambiwa, mwanangu."

"Mbona wamefungua?"

Eliamani alimpa kigoda akae.

Saa tisa jeneza lilipita barabarani, na Kiangi alikuwa mmoja wa wabebaji. Nyuma yake mlango wake ulikuwa wazi, mwanafunzi wake wa ushonaji akiendelea kukanyaga cherehani. Walipokuwa wakitoka makaburini, Eliamani alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Fundi, hukulisikia rimu?"

"Nililisikia."

"Namkunda alikupikieni makande siku ya Nasemba."

"Sijasahau. Ndiyo maana nimembeba."

Eliamani akasema kwa sauti ya chini, "Na mlango?"

Kiangi alisimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja mwenzake zaidi. "Nimeushika leo asubuhi, jirani. Nimeushika kwa mkono huu. Miaka yote hii nimefunga kwa kila aliyekufa, na wateja wangu wakahamia kwa walioacha wazi. Sasa nina sare za shule mia mbili, zinatakiwa kesho, nikizikosa hizo sina kazi tena. Nikamtazama mke wangu, nikamwambia ni leo tu."

Eliamani aliyajua maneno hayo. Alikuwa ameyasema yeye, kwenye kizingiti chake, mtoto wa huyu mtu akiwa amelazwa upande wa pili wa ukuta. Alishika mkono wa Kiangi, wakarudi hivyo mpaka kwenye vibaraza vyao.

Tangu siku hiyo Eliamani alifunga duka kwa kila msiba. Awe amekufa tajiri au mlevi, mwenyeji au mpita njia, alivuta bati lake, akakaa kizingitini mpaka watu warudi kutoka makaburini. Uwakala ulikwenda kwa mwingine. Hakuna aliyemfuata kufunga, kwa kuwa mlango ukishazoea kuwa wazi, haufungwi kwa majuto ya mtu mmoja. Vijana walimcheka, kama mlivyonicheka mimi. Wakimuuliza anamfungia nani, aliwajibu kwa maneno yale mliyoyasikia asubuhi. Hakuyatoa kwa wahenga, aliyatoa kifuani mwake.

Mtataka kujua alipokufa yeye ilifungwa milango mingapi. Sifa alikuja akaufunga wa baba yake. Kiangi alikuwa mzee, haoni vizuri, lakini alipapasa ukutani mpaka akalifikia bati lake, akalivuta. Ilikuwa miwili. Wengine walikuwa na kazi.

Haya, msemo mmeujua ulikotoka. Leo saa tatu Mavura mdogo, aliyerithi mashine na kurudia kugonga, amegonga rimu la babu yake. Hamkusikia, redio ilikuwa juu. Amefariki yule mama aliyekuwa akiwauzieni maandazi mkienda shule, na atazikwa saa tisa. Sikuwaambia mfunge. Nilisema tu kwamba asiyefunga duka kwa msiba wa mwenzake, hulifunga kwa wake peke yake.