Mabati ya Nyaruai

Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Maana yake, ukimchimbia mwenzako shimo usisimame ukingoni ukicheka, kwa sababu udongo wa ukingoni ndio humomonyoka kwanza. Asiyesadiki na asikie ya Nyaruai.

Soko Mbao ulikuwa mji mdogo kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Bungoma. Mwaka wa 1987 ulikuwa na kinu cha posho na makanisa matatu, lakini kitabu cha kuazima hakikuwapo hata kimoja. Wanawake wa hapo walikuwa na kikundi cha mabati. Walipalilia mahindi ya wakulima wakubwa kwa kibarua, wakanunua mabati, na kila msimu wakamwezekea mmoja wao. Nyaruai ndiye aliyekianzisha. Ndiye pia aliyekitungia sheria: zamu ya mtu haiombwi wala haiazimwi. Alikuwa mwenyekiti miaka mingi, mpaka siku wenzake walipoinua mikono na kumchagua jirani yake Wacuka, mama yake Wahome. Tangu hapo, Wacuka akicheka, kila jino lake lilikuwa msumari moyoni mwa Nyaruai.

Nyaruai alikuwa na binti mmoja tu, Gathoni, aliyemaliza kidato cha nne akakaa nyumbani bila kazi. Kila Jumapili mama mtu alipiga magoti akamwombea. "Mungu, mpe mwanangu kazi, na iwe karibu nami."

Wacuka akaleta habari ya maktaba. Alikwenda Kitale mara nyingi hata soli za viatu zikaisha, mpaka wakubwa wakakubali. Serikali haikuwa na fedha za kujenga, lakini wenyeji wakitoa nyumba yenye mlango na paa, vitabu vingeletwa, na mtu mmoja angeajiriwa kuvitunza. Wakishindwa, vitabu vingepelekwa Bumula, mbali huko mbele ya Bungoma, nako vilikuwa vikiombwa. Wazee wakatoa ghala kuukuu la ushirika. Vijana wakakandika kuta. Ikabaki paa, maana juu palikuwa na mbao tupu kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Mji ukaanza kumwita Wacuka "Mama Maktaba". Siku moja mgeni alimwuliza Nyaruai, "Kwa Mama Maktaba ni wapi?" Nyaruai akamwelekeza njia ya mtoni.

Kikundi kilipokutana, Wacuka alisimama. "Mama Gathoni, nakuomba mbele ya wenzetu. Mabati ya msimu huu ni yako, najua. Lakini nyumba yako kubwa ina bati tayari, imebaki jikoni tu. Tukopeshe zamu yako, na msimu ujao tutaanza na wewe."

"Ati nikukopeshe? Si wewe ndiwe mwenyekiti? Sheria huijui?"

"Sheria uliitunga wewe, mama."

"Ndiyo maana naijua. Haiombwi, haiazimwi."

"Bana, Mama Gathoni," akadakia Agneta, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, "jikoni kwako ni kuku ndio watasoma?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nyaruai alikuwa ameanza kulegea, lakini kicheko kile kikamkaza kama kamba iliyolowa maji. Jikoni kwake kukaezekwa, kukang'aa juani kama kioo. Wenzake wakakata nyasi, wakaliezeka ghala kwa hizo.

Siku ya siku lori likafika. Afisa wa maktaba akaingia ghalani, akainua kichwa. "Nyasi hizi hazivuji?"

"Tumezishindilia vizuri, bwana. Hazivuji," akasema Wacuka.

Afisa akatikisa kichwa kukubali, akamwashiria dereva ateremshe maboksi. Hapo moyo wa Nyaruai ukaruka kama bisi kikaangoni. Akajongea kwa sauti ya asali.

"Pole na safari, bwana mkubwa. Mimi sina neno. Lakini nyasi za huku zina mchwa, na mchwa hana akipendacho kushinda karatasi."

Afisa akachungulia nguzo, akaona kijia cha udongo kikipanda, kama kilivyo kwenye kila nguzo ya nchi ile. Akashusha pumzi. "Hivi ni vitabu vya serikali. Poleni, kina mama. Vitakwenda Bumula."

Wacuka akaketi juu ya jiwe. Nyaruai akasikia utamu kinywani, utamu wa muwa wa Kabuchai. Hakuwahi kuumeza.

"Na yule msichana tuliyemfunza Kitale?" afisa akauliza. "Kazi yake ipo, ila inafuata vitabu. Gathoni yuko?"

Gathoni akatoka katikati ya watu, rinda lake limepigwa pasi.

"Wewe?" Nyaruai akashangaa. "Si ulipokwenda Kitale uliniambia unakwenda kwa shangazi?"

"Nililala kwa shangazi, mama. Mchana nilifunzwa kazi. Mama Wahome ndiye aliyenitafutia. Alisema ukijua mapema kwamba ni yeye, utakataa." Machozi yakamlenga. "Ningekuwa hapa hapa, mama. Jioni ningerudi nikupikie."

Nyaruai akageuka huku na huku kama kuku aliyemwagiwa maji. "Yang'oeni mabati yangu! Yang'oeni leo, mliezeke ghala!"

"Bati likishapigwa misumari ni kichujio, Mama Gathoni," akasema Agneta, na safari hii hakuna aliyecheka.

Juma lililofuata Gathoni alifunga mzigo wake akaenda Bumula. Jioni yake mvua ikanyesha. Nyaruai alikuwa jikoni, chini ya mabati yake mapya, amepakua sahani mbili kwa mazoea. "Gathoni, hebu niletee chumvi," akaita. Mvua ikapiga bati, ikaimeza sauti yake yote, na hakuna aliyeitika. Hakika, mchimba kisima huingia mwenyewe.