Chelezo Chenye Njuga

Hapo zamani za kale, siku ambazo chui aliishi kwa kuvua samaki, kulikuwa na mto mlimani, huko juu kwenye mianzi na ukungu, ambako maji ni baridi hata meno yanagongana. Wewe unayecheka, siku moja nitakupeleka ukatie kidole. Ndani ya mto ule waliishi trauti, samaki wenye madoadoa ubavuni na woga mwingi kichwani. Kivuli cha kunguru kikipita juu, wote wamekwisha kuingia chini ya mawe.

Mwoga kuliko wote alikuwa Bi Machomacho. Nyumba yake ilikuwa chini ya jiwe jeusi, sakafu ya changarawe safi, na watoto wengi hata majina yao akiyachanganya kila siku. Alikuwa mjane. Mumewe alitoka asubuhi moja kutafuta kifungua kinywa, akawa yeye kifungua kinywa cha Mzee Chui.

Huyo Mzee Chui, wanangu, alikuwa mvuvi kweli. Alikuwa na ufito wa mwanzi, mshipi mwembamba, na ndoano aliyoivika manyoya hata ukiiona utadhani ni inzi. Lakini trauti halaghaiwi kwa muda mrefu. Akimtia mdomoni inzi wa manyoya, huonja, husema, "Ah, manyoya haya," kisha hutema. Ptu! Kufumba na kufumbua. Mvuvi asipojua papo hapo, amekosa. Ndiyo maana hufunga chelezo juu ya mshipi, kielee, na kikitikisika tu, yeye avute.

Chelezo cha Mzee Chui kilikuwa kinyoya kimoja cheupe cha kifuani mwa bata, kimepakwa nta kisilowe. Kikitua majini, kimya. Pale chini ya maporomoko maji hujaa povu, na kinyoya kile kilipita katikati ya povu wala hukuweza kukitenga. Trauti akigusa ndoano, kinyoya kinatetema kidogo tu, na Chui anavuta.

Bi Machomacho alijaribu kuwafundisha wanawe.

"Mkiona povu, kimbieni."

"Povu lote, mama?"

"Lote."

"Mama, mto mzima ni povu. Tutakula wapi?"

Jana yake dada yake alikuwa amechukuliwa, na juzi yake jirani. Alijua wanawe watafuata mmoja mmoja, mpaka nyumba ibaki changarawe tupu. Alilia sana, ingawa machozi ya samaki huenda na maji. Kisha akaacha kulia, akafikiri. Kinyoya kile hakishindiki humu majini. Basi kishindwe kule juu, kichwani mwa mwenyewe.

Sasa, chini kidogo ya hapo alikuwa akivua Fisi, jirani yake Chui, mvuvi ambaye tangu azaliwe hajavua kitu. Chelezo chake kilikuwa kibuyu kizima, kimepakwa udongo mwekundu. Akikitupa, pwaaa! Samaki wa mito mitatu wanajua Fisi amekuja.

Bi Machomacho akaokota kaa mmoja aliyekufa siku nyingi, akaogelea naye mpaka kwenye ndoano ya Fisi. Tangu azaliwe hajawahi kuikaribia ndoano kwa hiari yake. Akamtundika kaa. Kisha akaung'ata mshipi, akavuta kwa nguvu zake zote, na kibuyu kikazama, bubububu.

Fisi akavuta. Kaa akaruka, akatua usoni mwake. Fisi akamlamba, akaanza kucheza ngoma peke yake ukingoni.

Ndipo Bi Machomacho akatoa macho juu ya maji, mbali na ndoano, akapaza sauti ili na Chui asikie.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Hongera. Sisi huku chini tumekubaliana, wewe ndiye mwenye mto."

Fisi aligeuka nyuma kuangalia huyo Mzee Fisi ni nani.

Chui akateremka, ufito begani. "Wewe samaki. Umemwitaje huyu?"

"Mzee Fisi, bwana."

"Na mimi?"

"Samahani baba, sikufahamu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni nani? Mimi niliyemla mumeo!"

"Kumbe ni wewe," alisema Bi Machomacho. Maneno yaliyofuata yalimchoma moyo, lakini aliyasema. "Utusamehe. Sisi tulidhani amechukuliwa na povu."

Masharubu ya Chui yakasimama. "Povu?"

"Tungejuaje, baba? Unakuja kimya, unaondoka kimya. Mtu mkubwa hujitangaza. Mzee Fisi akifika, mto wote unamjua. Ndiyo maana leo tumemletea kaa mezani."

"Kaa mwenyewe ameoza," alisema Chui akinusa.

"Hivyo ndivyo tunavyomwandaa kwa wageni wa heshima."

Fisi akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

Mambo ya heshima, wanangu, yakimwingia mtu kichwani hayatoki hata kwa sabuni. Kesho yake Chui alikuja na kibuyu kikubwa kuliko cha Fisi, kina mistari myekundu na myeupe, na shingoni amekifunga njuga, zile za wacheza ngoma. Akakirusha. Pwaaa! Cheng'e cheng'e cheng'e!

Chini ya jiwe jeusi watoto walirundikana. "Mama, ni nini hicho?"

"Hicho ni chelezo cha mheshimiwa. Sasa mnajua ndoano ilipo. Mwamkieni, mkiwa mbali."

Chui akangoja. Akangoja tena. Akaita, "Samaki! Mbona hamji?"

"Tulikuja, mzee, tukaona haya," alijibu Bi Machomacho. "Chelezo cha fahari namna ile, halafu chini yake manyoya? Ni kumkaribisha mgeni kwa zulia ukampa maji matupu."

"Mnataka nini, basi?"

"Panzi. Wa kweli, wanono."

Basi watoto wa Chui wakatumwa kukamata panzi. Wakahangaika vilimani tangu jua linachomoza, wakarudi na panzi hai, baba yao akawatunga hao panzi kwenye ndoano. Na watoto wa Bi Machomacho wakajifunza kula. Unaanza na miguu, unapanda polepole, unamaliza mgongo, unaiacha ndoano ikimetameta. Kinyoya cha bata kingesema yote hayo. Lakini kibuyu kizito kitatikisikaje kwa mguu wa panzi? Kililala juu ya maji, na njuga hazikulia.

Chui mwenyewe hakuwa akiangalia samaki. Alikuwa akiangalia watu. Maana nyani walikuja kumtazama, na nguruwe, na wengine wasiojua hata kuvua. "Mzee wa Njuga!" waliita. Chui akawapungia mkono, akarusha tena, pwaaa, cheng'e cheng'e, nao wakapiga makofi.

Hata siku moja mkewe, Mama Chui, alikuja mtoni na kikapu kitupu. Alikitazama kibuyu mara moja tu, kisha akainama akatazama maji yaliyo chini yake.

"Baba watoto, hawa samaki wadogo ni wa nani?"

"Ni wa mjane mmoja."

"Mbona wamenona hivi?"

Chui akatazama. "Labda maji ya hapa ni mazuri."

"Na wako umewaona?"

Watoto wa Chui walikuwa wakiteremka kilimani na panzi wao, mbavu unaweza kuzihesabu. Mdogo wao alijaribu kula panzi mmoja njiani, ndugu zake wakamzuia, wakamwambia ni wa baba.

"Wanao wanatafuta, wa mjane wanakula," alisema Mama Chui. "Niambie mume wangu, wewe ni mvuvi au ni mpishi wao?"

Nguruwe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Chui hakuwa mjinga. Alielewa yote papo hapo, tangu kaa mpaka panzi, na uso ukamwiva kwa aibu. Akatia mkono mfukoni, akatoa kile kinyoya cheupe.

Chini ya jiwe jeusi, Bi Machomacho alikiona. Akawakumbatia wanawe wote kwa mapezi yake mawili, waliotoshea na wasiotoshea, akafumba mdomo asije akapiga kelele.

"Kifunge," alisema Mama Chui. "Kifunge sasa hivi, watoto wapate kula."

Chui akakishika kinyoya. Kilikuwa kidogo hata kikapotea kati ya kucha zake. Fisi akaita kutoka ukingo wa pili, "Mzee wa Njuga, vipi? Wageni wametoka mbali!" Nyani wakaanza kupiga makofi kabla hata hajarusha.

Chui akawatazama. Akamtazama mkewe.

"Mama watoto," alisema kwa sauti ya chini, "nikivua kwa kinyoya, hawa watajuaje kama navua?"

Pwaaa! Cheng'e cheng'e cheng'e!

Mama Chui alikitupa kikapu, akawachukua wanawe, akapanda nao kilimani kuwafundisha kuwinda swala, na hata leo chui jike hulea watoto wake peke yake. Bi Machomacho naye akapumua, akawapanga wanawe foleni, wadogo mbele, maana panzi wa siku ile walikuwa wanono.

Apendaye sana kuonekana, haoni.