Nguchiro na Mbwa Aliyeitwa Watasema

— Wa barazani na wa jikoni, mpo?
— Tupo.
— Nina neno, nilitupe?
— Litupe, tutalidaka.
— Ni zito kidogo.
— Mikono ni yetu.

Basi palikuwa na Nguchiro mmoja. Mmoja, nasema, na nguchiro hawatembei mmoja mmoja. Hutembea kundi zima, wakigombana njia nzima. Huyu aliingia shimoni kufukua mende. Akafukua, akafukua, na alipotoka wenzake walikuwa wamehama. Akaita. Kimya. Tangu siku hiyo akaishi kwenye kichuguu peke yake, anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe.

Siku moja akapita nyuma ya nyumba ya Bi Namkunda, ajuza aliyeishi juu mlimani. Mlango umefungwa. Jikoni hakuna moshi. Mbwa wa bibi, jina lake Watasema, amefungwa kwenye mpera kwa kamba ya ngozi, na chungu chake cha maji kimekauka.

Nguchiro akaona, akanyamaza, akapita.

Kesho yake akapita tena. Mlango umefungwa. Moshi hakuna. Mbwa analamba chungu kikavu, lap, lap, lap. "Mbwa wa watu huyu," Nguchiro akajiambia. "Tena juzijuzi alinikimbiza." Akaona, akanyamaza, akapita.

Siku ya tatu miguu ilikataa kupita.

"We Mbwa, bibi yako yuko wapi?"

"Walikuja watu wakambeba kwa machela. Amekwenda, atarudi."

"Alikuaga?"

Mbwa akageukia mlango. "Alikuwa amefumba macho."

"Nikusemee mahali?"

"Usinisemee. Ukisema, watasema bibi kanitupa. Hajanitupa. Amekwenda, atarudi."

Nguchiro akarudi kichuguuni, akakaa mlangoni akawaza. Sheria ya pori ilikuwa moja: kitu kisicho na mwenyewe, habari zake zipelekwe kwa Jumbe. Na Jumbe alikuwa Fisi. Fisi husema, "Leteni, nitamtunza." Kondoo aliyepotea alitunzwa. Bata kiwete alitunzwa. Hawakuonekana tena, ila Jumbe alionekana akichokonoa meno.

"Nikisema, Mbwa ataliwa na Fisi," akajiambia. "Nikinyamaza, ataliwa na kiu. Nikienda kwa watu, watasema nimefuata kuku." Hakukuwa na mwenzake wa kumuuliza. Akajiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimeleta taarifa. Kwa Bi Namkunda kuna mbwa amefungwa, na mwenyewe haonekani."

Fisi akainuka, mate chururu. "Maskini. Twende nikamtunze."

Wakafika. Fisi akamtazama Mbwa, akameza mate, gu.

"Amekonda huyu, Jumbe," Nguchiro akamnong'oneza. "Mifupa mitupu."

"Mifupa naila."

"Naam, utaila leo, na kesho tumbo litakuuliza. Lakini amefungwa, hendi kokote. Mnyweshe, mlishe. Akinenepa utamla siku nne. Tena na mafuta juu."

Fisi akafikiri mafuta, na mtu akishafikiri mafuta hafikiri kingine. Akajitwika safari za mtoni, kidu, kidu, kibuyu cha maji mdomoni. Akaleta nyama. Kesho yake akaleta maji, akaleta nyama. Kesho kutwa akaleta maji, akaleta nyama, na yeye mwenyewe akashinda na njaa, maana kila alichokamata alikiona ni mafuta ya baadaye.

"Nani ananiletea?" Mbwa akauliza.

"Kula," Nguchiro akamjibu.

Fisi akiondoka, Nguchiro hubaki. Hana la kufanya pale. Hukaa tu chini ya mpera, upande ambao kamba haifiki, na wote wawili huangalia njia.

Siku ya saba mbavu za Mbwa hazikuonekana tena, na mbavu za Fisi zilionekana zote.

"Leo namla," Fisi akasema.

"Ni haki yako, Jumbe. Ila ukimmeza na kamba, itakukaba. Anza na kamba. Ni ngozi ya ng'ombe, imepakwa samli."

Fisi hajapata kukataa ngozi. Akaitafuna, kru, kru, kru. Ikanata menoni. Akavuta, ikanata zaidi. Akavuta kwa nguvu zote, ikakatika, tap. Mbwa akajiona hana kitu shingoni. Akaruka, akamng'ata Fisi sikio. Fisi alitaka kulia, lakini mdomo umejaa ngozi, akasema "mmm, mmm," akateremka bondeni na mkia chini ya tumbo.

Mbwa hakumfuata. Alinusa mlango, akanusa njia, akaanza kushuka pua ikiwa chini. Nguchiro akamfuata nyuma.

Walishuka hadi kijijini, hadi ua wa binti wa Bi Namkunda. Bibi alikuwa amelala mkekani, amekonda. Mbwa akaweka kichwa chake mapajani mwake.

"Mama, huyu katokea wapi?" binti akauliza.

"Kila siku nawaambia mbwa, mbwa, na nyinyi mnasema ni homa inazungumza." Bibi akampapasa shingo, pale kamba ilipomchubua. "Nani kakufungua, baba?"

Mbwa akageuka kutazama mahindi ya jirani. Bibi naye akatazama. Macho yake hayakuona kitu.

Nguchiro alikuwa mle, amelala kifudifudi. Alitaka kutoka. Alinyanyua mguu mmoja. Kuku wakalia, kwe, kwe, kwe, na binti akainama kuokota jiwe. Nguchiro akaurudisha mguu chini.

Alibaki akitazama mkono wa bibi ukipita juu ya kichwa cha Mbwa, ukirudi, ukipita. Kisha akapanda mlima. Juu kabisa akasimama kwa miguu miwili, kama wafanyavyo nguchiro wakiwatafuta wenzao, akatazama huku, akatazama huku. Akaita mara moja, akasikiliza kwa muda mrefu.

Funzo lake, wenzangu, ni hili: ukimwona mbwa wa jirani kafungwa, ana kiu, pita zako. Usijitie shughuli isiyo yako. Nguchiro alijitia, na hakuna hata mmoja aliyemwambia asante.

Ngano nimeitua hapa. Mwenye kichwa na aitwike.