Sungura Aliyeshonwa Pande Zote

Leo sauti yangu imekauka, mtanivumilia. Wiki nzima tumeshinda makaburini, mnajua wenyewe, na hata kwaya leo imeimba kama watu wanaosukuma gari bovu. Siwalaumu. Kaeni hivyo hivyo mlivyochoka, niwape mfano mmoja mfupi, kisha twende tukapumzike.

Mama mmoja alifiwa na dada yake, akaachiwa mtoto wa dada huyo amlee. Mtoto wa kike, bado hajaanza shule. Siku ya msiba wakubwa walikaa wakaamua kama tunavyoamua siku zote: mtoto asiambiwe. Aambiwe mama amesafiri. Akapelekwa nyumba ya mbali, mazishi yakapita, akarudishwa. Basi kazi ya kuulinda uongo ule ikabaki kwa mama mdogo. Picha ikaondolewa ukutani. Mgeni akianza kutoa pole, anakonyezwa anyamaze. Na mtoto akawa halali. Anashtuka, anakaa kitandani, anatazama mlango. Mama mdogo naye halali. Mnaujua uchovu wa nyumba ya namna hiyo? Wapo humu wanaoujua, nawaona.

Akaenda kwa jirani yake mshonaji. "Dada, nifundishe kushona mdoli. Sindano mimi naijua ya kurudishia kifungo tu. Lakini huyu mtoto akipata kitu cha kukumbatia, labda atalala, nami nilale."

"Si kazi ngumu," akasema mshonaji. "Chora sungura kwenye karatasi, ukate vipande viwili vya kitambaa. Uvilaze upande mzuri utazamane na upande mzuri, halafu ushone kuzunguka. Ila pale ubavuni acha nafasi ya vidole viwili, usiishone. Hapo ndipo utakapomgeuzia, na hapo ndipo utakapomjazia sufi."

Mama yule akachukua gauni la kitenge la marehemu, kwa kuwa lilikuwa limelainika kwa kufuliwa. Alijiambia likishakuwa sungura mtoto hatalitambua. Akashona polepole, akijichoma vidole, akifumua, akirudia. Alipofika ubavuni akasita. Nafasi ile aliiona uzembe. Sufi si itamwagika yote? Akaziba. Akazunguka mara ya pili juu ya mshono wa kwanza, kwa usalama.

Mshonaji alimpokea sungura yule, akamgeuza huku na huku. "Mshono umenyooka, hongera. Sasa utamjazia wapi?"

Mama akakaa kizingitini, kitambaa mapajani. "Nimechoka, dada. Nimechoka hadi chozi halitoki."

"Pole. Fumua basi. Si kote, pale ubavuni tu."

Akarudi nyumbani, akatandika mkeka, mtoto akaja kukaa karibu yake. Mama mdogo akafumua. Akaingiza vidole, akavuta masikio, akavuta miguu, sungura akageuka, na upande mzuri wa kile kitenge ukatoka nje na maua yake ya njano. Mtoto akashika sikio moja, akalitazama kwa muda.

"Hili gauni la mama," akasema. "Mama akisafiri huvaa hili. Mbona hakulivaa?"

Ndugu zangu, wewe ungejibu nini? Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema amelisahau. Angesema amenunua jingine. Lakini yule mama alikuwa amechoka kuziba.

"Hakusafiri, mwanangu. Mama amekufa. Tulimzika, tukakuficha."

Mtoto akalia. Na mama mdogo, ambaye tangu msiba hakuwa amelia mbele ya mtoto huyo hata kidogo, akalia naye. Walilia hadi wakanyamaza wenyewe. Kisha mtoto, bado ana kwikwi, akaanza kusukuma sufi ndani ya sungura kwa vidole vyake huku akiuliza. Amelala wapi? Nani alimfunika? Tutaenda lini? Mama mdogo akamjibu kila swali kwa kadiri alivyoweza. Mara maswali yakakoma. Akatazama, mtoto amelala fofofo, kiganja kimejaa sufi. Na sungura bado alikuwa amejaa sikio moja tu, ubavu wazi, hata macho hana.

Kwa hiyo aliyemlaza ni nani? Mdoli hakuwa amekwisha.

Sisi, wapendwa, tuna mikono mizuri ya kuziba. Tunazunguka mara ya pili juu ya mshono wa kwanza, tunajiita imara, halafu tunakuja hapa mbele tunaomba Bwana atujaze faraja. Atujazie wapi? Mungu ana nguvu, sibishani na mtu. Lakini miaka yote hii sijamwona akimchana mtu kwa lazima. Anangoja ufumue mwenyewe, na hahitaji kote. Anahitaji pale ubavuni tu.

Sitawahubiria zaidi. Nyumba nilizozikia nazijua, na najua ni ngapi kati yake zina mtoto aliyeambiwa baba amesafiri, mama yuko hospitali kubwa, atarudi Krismasi. Mtoto huyo anatazama mlango. Leo ukifika nyumbani, kabla hujala, mketishe karibu nawe umwambie. Utalia, naye atalia. Halafu mtalala.