Nani Akalie Kiti cha Kwamkunde?

Hapo zamani, kabla uongo haujapata wa kuusema, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamkunde. Kilikuwa na chemchemi moja, kunde tele, na wasemaji wengi kuliko wasikilizaji. Lakini huko mjini, kwenye Baraza la nchi, Kwamkunde haikuwa na mtu.

Baraza likakaa, likaamua: mbuzi wa Kwamkunde wasilie adhuhuri, wanawaamsha waheshimiwa. Nani aliwasemea Kwamkunde? Hakuna. Baraza likakaa tena, likaamua: kunde za Kwamkunde ziliwe kwanza Kwamgongo, kijiji cha jirani, na wenyewe wale maganda. Nani aliwasemea Kwamkunde? Hakuna. Kisha habari ikaja, watu wakashika vichwa. Kwamgongo wameomba chemchemi igeuzwe iende kwao, bata wao wapate pa kuogelea. Bata, jamani! Na Baraza lingeamua mwezi ukiandama.

Wakalia, wakasikika. Akaja mjumbe, akapiga mbiu: "Enyi watu wa Kwamkunde! Mmepewa kiti barazani. Kigombeeni!" Akageuza punda wake, akaondoka.

Basi wakakigombea. Si mnawajua watu wetu? Ukiwaambia wagombee, hawaulizi wanagombea nini. Wakasukumana, wakatukanana, wakavuana kofia, mpaka Bi Chogwe, muuza vitumbua, akagonga upawa kwenye karai.

"Nyie! Kugombea kiti si kupigana. Ni mtu asimame mbele ya wenzake aseme, nichagueni niwasemee. Halafu mnapiga kura."

"Tuipige na nini?" akauliza mmoja wa nyuma, fimbo mkononi.

Wakaeleweshwa, ikachukua muda. Mwishowe wakasimama wawili. Wa kwanza Semboja, mwimba ngoma, mwenye sauti ya kuvuka mabonde. "Nichagueni, nitawasemea." Wa pili Kingazi, seremala. "Nichagueni, hicho kiti nitakichonga mwenyewe." Wakamcheka. Kila mtu akatumbukiza punje ya hindi katika kibuyu cha amtakaye. Kuku akadonoa punje kadhaa za Kingazi kabla ya kufukuzwa, nazo zikaitwa kura zilizoharibika. Hata bila kuku, Semboja angeshinda kwa mbali.

Akauimba ushindi wake. Akauimba kijijini, akauimba njiani, akauimba akivuka mto. Nyuma yake alikuja Kingazi na kiti kichwani. "Walisema kiti," alijibu kila aliyemuuliza, "nami nimechonga kiti." Nyuma ya Kingazi alikuja Bi Chogwe na ungo wa vitumbua. "Maji yakienda kwa bata, mchele wangu nitauloweka kwa mate?" Wakaendelea kutembea.

Walipofika mlangoni pa Baraza, Semboja akafungua kinywa ajitambulishe.

"Khhh," akasema. Sauti yote ilikuwa imebaki njiani.

Bawabu akawatazama. "Kwamkunde? Kiti chenu kile kule, ila kimekaliwa." Wakachungulia. Juu ya kiti palikuwa na tenga la bata, mali ya mjumbe wa Kwamgongo. "Kanuni ni kanuni," akasema bawabu, "aliyeketi haondolewi. Mwenye kiti aingie, asiye na kiti arudi kwao."

"Mwenye kiti ni mimi!" akapaza sauti Kingazi.

Wajumbe kusikia kwamba mwenyekiti amefika, wakasimama wote kwa heshima. Walipokuja kugundua kosa lao, Kingazi alikuwa ameshatua kiti chake na Semboja ameshakikalia. Kingazi na Bi Chogwe wakatolewa, wakaenda kusimama dirishani.

Hoja ikasomwa. Mjumbe wa Kwamgongo akaeleza jinsi bata wake wanavyosononeka, na baadhi ya waheshimiwa wakapenga kamasi. Spika akauliza, "Na Kwamkunde mnasemaje?"

Semboja akasimama. "Khhh." Akajishika koo, akanyoosha mkono kwenye mtungi uliokuwa pembeni. Maskini alitaka maji ya kunywa, basi.

Bi Chogwe akachomoza kichwa dirishani. "Mheshimiwa anasema: nitazameni! Hivi ndivyo tutakavyokufa, koo limekauka, na maji tunayaona kwa macho!"

"Nani huyo anayesema?" akafoka Spika.

"Si mimi, ni yeye. Sauti ilimdondoka njiani, nami nimeiokota."

Wakatafuta kanuni ya kumkataza mtu kurudisha kilichopotea, hawakuipata. Semboja akapiga mguu chini, akamkunjia uso, yaani nyamaza wewe, niletee maji. Bi Chogwe akafasiri: "Anasema bata wana mabawa, waruke wakatafute ziwa. Sisi tuna watoto!"

Kura ikaitishwa. Waliowataka bata wakanyoosha mikono, ikahesabiwa. Waliotaka maji yabaki Kwamkunde wakanyoosha, ikahesabiwa, ikazidi mkono mmoja. Mkono wenyewe ulikuwa wa Semboja, ambao tangu mwanzo ulikuwa bado umenyooka kuelekea mtungi. Chemchemi ikapona. Bi Chogwe alilia pale dirishani machozi ya kweli, na mimi nikifika hapa huwa nafurahi kama mtoto.

Wakarudi, wakashangilia, wakala kunde. Haukupita muda, yule mjumbe mwenye punda akarudi. "Kwamgongo wamekata rufaa. Baraza litakaa upya kuamua juu ya maji. Safari hii ni mtu mmoja tu kwa kila kijiji, na madirisha yatafungwa. Nipeni jina."

Semboja akaruka wa kwanza, sauti imerudi yote. "Mlinichagua mimi! Mkono uliookoa maji ni huu. Wa mtu asiyechaguliwa usingehesabiwa hata angeunyoosha ukagusa dari."

"Mkono wako ulikuwa unaomba maji ya kunywa," akasema mmoja.

"Kwani mimi si wa Kwamkunde? Kiu yangu si kiu yenu?"

Watu wakasema, kweli.

Kingazi akasimama. "Bila mimi mngewakilishwa na tenga la bata. Chaguo lenu lingebaki mlangoni na mkono wake. Mwenye kiti ni mimi. Tena kura zangu zililiwa na kuku, na mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi."

Watu wakasema, kweli.

Bi Chogwe akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi sikugombea, sina hata punje moja. Lakini yale maneno yaliyowageuza waheshimiwa, ni ya nani?"

"Nani alikutuma uyaseme?" akauliza Semboja.

"Kiu ilinituma. Wewe uliyetumwa na watu, uliwafikishia nini? Khhh!"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini, wakasema, kweli, kweli. Lakini Mamkilindi, shoga yake Bi Chogwe wa siku nyingi, hakucheka. "Dada, safari hii umesema tunayoyataka. Siku utakayosema tusiyoyataka, tutakuondoaje, nasi hatukukuweka?"

Mjumbe akapanda punda. "Jina moja," akasema, "au niende bila jina, na mnajua mkikosa mtu huwa inakuwaje."

Kwamkunde wakatazamana, wakanitazama mimi, na mimi nawatazama nyie. Msiangalie chini, nyie nyote mnakunywa maji. Aliyechaguliwa na watu, akafika bila sauti. Aliyeufungua mlango, ambaye watu walimkataa. Aliyesema ya watu, bila kutumwa na watu. Je, nani alistahili?